Kiwanja cha angani

Siku hizi Kariakoo hakuna anayenunua nyumba. Ukisikia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita imeuzwa Mtaa wa Narung'ombe au Sikukuu, jua hakuna aliyezitamani boriti zake za mikoko, wala bati lake lenye kutu, wala ule ukumbi wa katikati ambamo wapangaji walihamishia majiko mvua ilipowazidi uani. Mnunuzi amelipia kiwanja. Kabla wajukuu wa mwenye nyumba hawajamaliza kugawana fedha, bati limeshashushwa, shimo la msingi limechimbwa na kibao cha mkandarasi kimesimama.

Biashara ya intaneti isiyotumia waya hapa Dar es Salaam inakwenda hivyo hivyo, ingawa wenye kampuni hawapendi kukiri. Mwaka 2023 Vodacom Tanzania ilipotangaza kuinunua Smile Communications Tanzania, kwa bei iliyoripotiwa kuwa takriban dola za Marekani milioni 28.5, swali la kujiuliza lilikuwa moja: wananunua nini hasa? Katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, Smile haikuwa ikifikisha hata asilimia moja ya laini zote nchini. Haikuwa na mawakala wa pesa kila kona. Wapo watoto wa mjini, wa Ilala na Temeke kabisa, ambao hawajawahi kuishika laini yake mkononi. Na Vodacom haikuwa na njaa ya wateja, maana inao mamilioni.

Kilichokuwa na thamani ni masafa ya megahezi 800.

Masafa hayashikiki wala hayapigwi picha, ndiyo maana habari zake gazetini huwa fupi. Lakini yana tabia ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo ameionja bila kuijua jina. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37 hivi. La megahezi 2,600 lina kama sentimita 11 na nusu. Lile refu husafiri mbali zaidi na hupenya kuta kwa urahisi zaidi. Lile fupi likikutana na zege hufifia haraka. Sasa fikiria frem ya ndani kabisa katika jengo la ghorofa nane, Mtaa wa Aggrey, mabunda ya nguo yamejaa hadi darini, na ukuta wa jirani uko hatua mbili kutoka dirishani. Simu inayopata mtandao humo ndani mara nyingi imefikiwa na wimbi la masafa ya chini. Mwenye masafa hayo anajenga minara michache na bado anasikika. Asiyekuwa nayo anaongeza mnara juu ya mnara, na kila mnara una kodi, umeme na mlinzi.

Masafa hayo hayakuwa ya simu tangu mwanzo. Kwa miaka mingi sehemu hiyo ya hewa ilitengewa televisheni, mpaka mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2007 ulipofungua mlango ili simu nazo ziingie katika nchi za ukanda wetu. Sisi wa Dar tuliuona upande wa pili wa mageuzi hayo usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa jijini na televisheni zetu za chogo zikabaki kupiga chenga. Wiki zilizofuata Kariakoo ilijaa ving'amuzi na manung'uniko. Tulibishana kuhusu bei ya vifurushi na nani anaonyesha mpira. Hatukujali sana kwamba televisheni ya dijitali inakula nafasi ndogo zaidi hewani, na kwamba nafasi inayobaki ina thamani kuliko ving'amuzi vyote vya Mtaa wa Uhuru.

Ili kuelewa kwa nini mtu angekuja Dar es Salaam na fedha za kujenga mtandao mpya kabisa usio na waya, turudi nyuma kidogo, Posta. Miaka ya mwanzo ya 2000, ukipanda juu ya jengo lolote refu la Samora au Azikiwe ungekuta msitu wa madishi na antena. TTCL, yenye makao yake Extelecoms House pale pale Samora, ilikuwa na haki ya pekee ya simu za mezani Tanzania Bara hadi mwaka 2005, na nyaya zake za shaba zilikuwa na umri na magonjwa yake. Ofisi iliyotaka intaneti ya uhakika iliwekewa redio juu ya paa, ikaelekezwa kwenye paa la kampuni ya intaneti, na kutoka hapo mawasiliano yakarushwa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ukibonyeza kitufe, jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, hata seva ingekuwa na kasi namna gani. Kasi ya megabiti moja kwa sekunde iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Hata barua pepe kati ya wateja wa kampuni mbili zilizotazamana barabarani ingeweza kuzunguka Ulaya au Marekani kwanza, na ndiyo sababu watoa huduma walikubaliana kuunganisha mitandao yao hapa hapa mjini kupitia kituo cha TIX, kilichoanza mwaka 2004.

Raha ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizokulia katika mazingira hayo. Ilianza miaka ya 1990, ikajua mapaa ya mji huu kama dereva wa daladala anavyojua vituo, na ikapitia kila teknolojia iliyopita: setilaiti, redio, WiMAX, Wi-Fi na mwishowe faiba. Nasema mwishowe kwa sababu tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, Rais Jakaya Kikwete akiwa hapa Dar es Salaam kwenye sherehe, na mwaka uliofuata EASSy ukaja. Mkongo wa Taifa nao ukawa unasambazwa mikoani. Setilaiti ikageuka ya dharura na ya porini. Wateja wakubwa wa Posta, yaani mabenki, balozi, mashirika na kampuni za mizigo, wakaanza kuuliza faiba inafika lini kwenye jengo lao.

Hapo kampuni za intaneti ya redio zilikuwa na njia mbili: kuchimba barabara kama wenye mitaji mikubwa, au kutafuta masafa mazuri na kujenga mtandao usio na waya wenye kasi ya kushindana na faiba. Raha ilichagua kuchimba. Smile ilikuja na njia ya pili.

Mwanzilishi wake ni Irene Charnley wa Afrika Kusini, mwanamke aliyepitia kwanza chama cha wafanyakazi wa migodini, NUM, akiwa mjumbe wa meza ya majadiliano, kisha akapanda hadi kuwa miongoni mwa wakuu wa kampuni ya simu ya MTN. Alipotoka MTN mwaka 2007 alianzisha Smile, kampuni mama ikaandikishwa Mauritius, na shughuli zikaelekezwa Nigeria, Uganda, Tanzania na Kongo. Hapa kwetu Smile ndiyo iliyotangulia kuuza 4G, ikianzia Dar es Salaam, wakati kampuni kubwa za simu bado zilikuwa zikitangaza 3G kwenye mabango. Tigo ilifuata na 4G mwaka 2015, Vodacom mwaka 2016. Kwa hiyo kwa muda, aliyekuwa na ruta ya Smile mezani alikuwa na kitu ambacho mwenye simu ya bei mbaya kuliko zote Mlimani City hakuwa nacho.

Huo muda ndio ninaoutafakari sana. Kwa nini haukutosha?

Sababu ya kwanza ni simu zenyewe. Mtandao wa Smile ulikuwa wa 4G mtupu, bila 2G wala 3G chini yake. Kupiga simu ya kawaida kwenye mtandao wa aina hiyo kunahitaji simu inayoweza kupitisha sauti juu ya 4G, na mwaka 2013 simu za namna hiyo kwenye meza za Aggrey na Likoma zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Congo alikuwa na simu ya vitufe yenye laini mbili, betri ya siku tatu na tochi. Smile haikuwa na cha kumuuzia isipokuwa ruta ya kuweka ofisini. Soko lake likabaki kwa wenye ofisi, wenye kompyuta na wakazi wa Upanga, Masaki na Mikocheni. Watu hao wana fedha, lakini si wengi, na ndio hao hao ambao faiba iliwafuata kwanza.

Ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni pesa za mtandao. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na baada ya miaka michache laini ya simu ilikuwa imeacha kuwa ya kupigia tu. Ilikuwa pochi, daftari la wadeni na njia ya kumlipa msafirishaji wa mzigo kutoka Kariakoo kwenda Mbeya. Mfanyabiashara hahami laini yenye pochi yake kwa sababu ya kasi ya intaneti. Atanunua ya pili, ataitumia ikiwa na bando, siku bando likiisha ataisahau. Wachumi wana maneno mazito ya jambo hili; muuza vitenge atakwambia tu kwamba namba yake wateja wanaijua.

Ya tatu ni deni. Septemba 2015 Smile ilitangaza kupata dola milioni 365 za kupanua mtandao katika nchi zake nne: dola milioni 50 za mtaji kutoka shirika la uwekezaji wa umma la Afrika Kusini, PIC, na milioni 315 za mikopo iliyoongozwa na Afreximbank. Ilikuwa habari kubwa, na wakuu wa kampuni walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wateja wa Smile walikuwa wakilipa kwa naira na kwa shilingi. Juni 2016, miezi tisa tu baadaye, Nigeria iliacha naira ielee, ikaporomoka ndani ya siku chache. Nigeria ndiyo ilikuwa soko kubwa la Smile. Kampuni inayodaiwa dola huku ikikusanya naira inaweza kuongeza wateja kila mwezi na bado ikazidi kuzama, na hakuna meneja masoko wa kuzuia hilo.

Mwisho wa njia hiyo ulikuwa mahakamani, tena si Dar wala Lagos. Mwaka 2021 Mahakama Kuu jijini London iliidhinisha mpango wa kuyapanga upya madeni ya kampuni mama ya Smile, na mwaka 2022 ikaidhinisha mwingine, mzito zaidi. Wanasheria wa Uingereza wanaizungumzia sana kesi hiyo ya pili, kwa kuwa iligusa swali la nani anapaswa kupiga kura pale ambapo wadai wengine hawana tena matumaini ya kupata chochote. Ajabu ni kwamba hatima ya ruta iliyokuwa ikiwakawaka taa kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, Mtaa wa Indira Gandhi, ilikuwa mikononi mwa jaji wa London akipima madai ya mabenki dhidi ya kampuni ya Mauritius. Mteja wa ruta hiyo alichokijua ni kwamba kasi inapanda na kushuka.

Kwa hiyo 2023 ilipofika, muuzaji alikuwa na haraka na mnunuzi alikuwa na hesabu zake. Oktoba 2022 TCRA ilikuwa imeendesha mnada wa masafa ambao kampuni kubwa nne za simu zililipia kwa jumla zaidi ya dola milioni 180. Vodacom peke yake ilitoa dola milioni 63 na ushei. Ukiwa umetoka kulipa kiasi hicho mnadani, kampuni nzima yenye masafa ya 800 kwa dola milioni 28.5 si ghali. Kuna minara, wafanyakazi, ruta na jina zuri la kutabasamu, lakini hivyo ni boriti na bati. Siwalaumu Vodacom. Ningekuwa mwanahisa wake, na wapo Watanzania wengi wanahisa tangu hisa zilipouzwa kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850 kila moja, ningeuliza kwa nini walichelewa.

Swali langu ni kwa upande mwingine wa meza. Masafa ni mali ya umma. TCRA huyagawa kwa niaba yetu, kwa muda na kwa masharti. Lakini leseni ikishakuwa ndani ya kampuni, anayenunua hisa zote za kampuni hiyo anaondoka na leseni yake, ilimradi TCRA iridhie mabadiliko ya umiliki na Tume ya Ushindani, FCC, isione kwamba soko linabanwa. Mnada una ukumbi, bei ya kuanzia na washindani. Ununuzi wa hisa una wanasheria wawili na chumba. Fedha ya mnada inaingia hazina. Fedha ya hisa inakwenda kwa wanahisa na wakopeshaji wao, popote walipo, na serikali inaambulia kodi. Sidhani kwamba mtu alivunja sheria. Nadhani tu kwamba pale kampuni ndogo inapoishiwa nguvu, lingekuwa jambo la haki masafa yake yajadiliwe hadharani kama kitu chenye bei yake, badala ya kupita kimya ndani ya begi la hisa. Hata hoja ya ushindani ina sura mbili. Masafa yaliyokuwa yakitumiwa na wachache sasa yatawafikia wengi zaidi, hilo ni jema. Lakini mlango ambao mgeni mwingine angeweza kuingilia umefungwa, na waliobaki sokoni wanajuana.

Smile haikuwa ya kwanza kuondoka kwa namna hii, wala bei yake si ya ajabu kuliko zote. Mwaka 2015 Millicom, waliokuwa wenye Tigo, walichukua asilimia 85 ya Zantel kutoka kwa Etisalat ya Umoja wa Falme za Kiarabu kwa dola moja. Moja, pamoja na mzigo wa madeni uliokuja nayo. Miaka saba baadaye Millicom nao wakaondoka nchini, Tigo ikaenda kwa kundi lililoongozwa na Axian ya Madagascar, na tangu Novemba 2024 wenye laini za Tigo wanasoma Yas kwenye simu zao. Na kampuni ya simu ya Sasatel je, ni nani anayeikumbuka?

Raha ilikwenda tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Mwanzoni mwa 2017 Liquid Telecom, kampuni ya kundi la Econet la Mzimbabwe Strive Masiyiwa, ilitangaza kuinunua. Liquid ilikuwa ikijenga njia ya faiba ya kuunganisha kusini mwa Afrika na mashariki yake, na miezi hiyo hiyo ilikamilisha kuinunua Neotel ya Afrika Kusini kwa randi bilioni 6.55. Kwenye ramani hiyo Tanzania ilikuwa pengo. Raha ilikuwa na wateja wa makampuni, faiba mjini na watu wanaojua ni nani wa kumpigia simu ili upate ruhusa ya kupitisha waya katika jengo fulani la Sokoine Drive. Vitu hivyo havifutwi na mnunuzi, kwa sababu ndivyo alivyovifuata. Jina la Raha liliendelea kuonekana kwa muda, likiwa limebandikwa na la mwenye nyumba mpya: Raha Liquid Telecom.

Ukitaka kuona ununuzi wa sura ya tatu kabisa, tazama darini katika ofisi yoyote yenye uwezo pale Posta. Visanduku vyeupe vya Wi-Fi vilivyoandikwa Meraki vilitokana na utafiti wa wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliokuwa wakiunganisha nyumba za Cambridge kwa antena za mapaani. Sanjit Biswas na John Bicket, pamoja na Hans Robertson, walianzisha kampuni mwaka 2006, na Cisco ikainunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Meraki haikuwa na leseni ya masafa hata moja. Wi-Fi hutumia hewa ya bure, ile ile inayotumiwa na ruta ya nyumbani kwako. Kilichouzwa ni ujuzi: programu ya kumwezesha fundi mmoja kusimamia ofisi mia kutoka kwenye kivinjari. Ndiyo maana jina limebaki kwenye kisanduku. Vijana wetu wa hapa mjini, wenye vipaji vya kutosha, wamekuwa wakijenga zaidi kampuni za kukodisha intaneti kuliko za kutengeneza kitu cha namna hiyo, na ninadhani mabenki yanayokopesha kwa dhamana ya nyumba na magari yana sehemu yake katika hilo.

Siku hizi wanunuzi wanapanda kaskazini. Oktoba 2024 Mawingu ya Kenya ilitangaza kupata dola milioni 15, na sehemu ya mpango wake ilikuwa kuichukua Habari Node ya Arusha, mtoa huduma aliyeanza miaka ya 1990 wakati barua pepe ilikuwa jambo la kusimuliana. Mawingu yenyewe ilianzia Nanyuki kwa majaribio yaliyofanywa na Microsoft, ya kupitisha intaneti kwenye nafasi tupu kati ya chaneli za televisheni. Masafa ya televisheni tena. Safari hii, hata hivyo, mnunuzi hakufuata masafa. Habari ina wateja wa mahoteli, mashule na hospitali za Arusha na mikoa ya jirani, maeneo ambayo kampuni kubwa huyafikia kwa mnara mmoja na matumaini. Mawingu imesema inataka kuunganisha watu milioni moja Afrika Mashariki ifikapo 2028, wengi wao vijijini na katika miji midogo. Posta haimo kwenye hesabu hiyo. Huku chini faiba tatu zinagombania ngazi za jengo moja, na mwenye jengo ndiye anayetoza.